Maisha ya Umm Kulthum: Mtoto wa Kijijini Aliyekuwa Sauti ya Misri

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, kamati ya jarida letu imenitaka niandike, kama ilivyo desturi ya kila mkutano wetu, maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki. Walionitangulia katika ukurasa huu wameandika juu ya wapigania uhuru, wanazuoni na wavumbuzi. Mimi nimechagua mwimbaji. Najua wapo watakaotikisa kichwa, kwa kuwa shuleni kwetu kuimba kulihesabiwa kuwa ni burudani ya Jumamosi jioni, baada ya kazi za maana kwisha. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho, maana nina sababu yangu, nami nitaieleza.

Mwimbaji mwenyewe ni Umm Kulthum wa Misri. Mimi nilimjua kwanza kwa sauti tu. Marehemu babu yangu, huko Tanga, alikuwa na redio kaseti moja kuukuu na kanda tatu au nne za mwimbaji huyo. Ijumaa baada ya sala ya alasiri alikuwa akikaa barazani, akiweka kanda, na sisi wajukuu tulikatazwa kupiga kelele. Kwa jinsi alivyotulia nilidhani anasikiliza kaswida. Nilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndipo nilipofungua kitabu juu ya maisha yake, na jambo lililonishika halikuwa utukufu wake wa ukubwani ambao kila mtu anaujua. Lilikuwa ni utoto wake, na jinsi alivyokaribia mara kadhaa kubaki kijijini asijulikane na mtu.

KUZALIWA NA CHUONI

Umm Kulthum alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika kijiji cha Tammay al-Zahayra, mkoa wa Daqahliyya, katika bonde la Delta ya Mto Nile. Ni nchi ya mashamba ya pamba na nafaka, na nyumba zake wakati huo zilikuwa za matofali ya udongo. Baba yake, Sheikh Ibrahim, alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji. Mama yake, Fatma, alilea watoto watatu: Sayyida, Khalid, na huyu kitinda mimba ambaye baba alimpa jina la mmojawapo wa mabinti wa Mtume.

Uimamu wa kijijini haukuwa na kipato cha kutosha. Kwa hiyo Sheikh Ibrahim alikuwa akiimba kaswida na visa vya maisha ya Mtume katika maulidi, harusi na shughuli nyingine za vijiji vya jirani, akapata malipo kidogo ya kuongeza chakula nyumbani. Wasomaji wa pwani wataielewa hali hiyo bila maelezo marefu, kwani masheikh wa namna hiyo tunao.

Umri wake ukiwa kiasi cha miaka mitano, binti huyu aliingia chuoni pamoja na kaka yake Khalid. Kwa familia maskini, kusomesha watoto wawili kulikuwa mzigo, na katika nchi nyingi za wakati ule, hata kwetu, mzigo kama huo ulipozidi aliyetolewa kwanza alikuwa mtoto wa kike. Yeye hakutolewa. Mwalimu wao alipofariki, watoto walipelekwa chuo cha kijiji kingine, wakawa wanakwenda na kurudi kwa miguu. Huko chuoni alifundishwa kuisoma Kurani kwa tajwidi: kila herufi itoke mahali pake, kila pumzi ikatwe panapostahili, na neno lisimezwe. Miaka arobaini baadaye, wajuzi wa muziki waliposifu jinsi matamshi yake yalivyokuwa safi, walikuwa wanakisifu chuo kile cha kijijini bila kukitaja.

MTOTO ALIYESIKILIZA PEMBENI

Sheikh Ibrahim hakuwa na nia ya kumfanya binti yake mwimbaji. Aliyekuwa akifundishwa kaswida ni Khalid, ili amsaidie baba katika shughuli zake. Binti alikuwa akicheza pembeni, na masikio yake yalikuwa kwenye somo. Siku moja baba alimsikia akiziimba kaswida zile zile, peke yake, neno kwa neno, kwa sauti yenye nguvu isiyolingana na kimo chake. Alishangaa, akamwita akae pamoja na kaka yake asome naye.

Mara yake ya kwanza kuimba mbele ya watu ilikuwa nyumbani kwa mkuu wa kijiji. Hakutaka kwenda, kama mtoto yeyote asivyopenda kutolewa mbele ya wageni. Baba yake alimbembeleza kwa kumwahidi bakuli la faluda, akakubali. Wageni walimwona mtoto mdogo akisimama juu ya kiti ili aonekane, na alipofungua kinywa walinyamaza. Baada ya siku ile, waliokuwa wakimwalika Sheikh Ibrahim walianza kuuliza kama atakuja na mtoto.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo, na ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini. Baba alikuwa mtu wa dini. Kwa desturi za watu wake haikuwa heshima kwa binti kusimama mbele ya wanaume wasio ndugu zake na kuimba, hata kama anachoimba ni sifa za Mtume. Akimficha, kipaji kile kingekufa, na njaa ya nyumbani ingebaki pale pale. Akimtoa, watu wangemsema yeye na binti yake. Sheikh Ibrahim alitafuta njia ya katikati: alimvika mavazi ya kiume, koti na kilemba cha Kibedui, akamsimamisha kati yake na Khalid. Kwa miaka mingi watu wa Delta walimsikiliza binti mwenye sura ya mvulana. Wengi walijua siri hiyo, na heshima ya baba ikabaki.

Wapo wanaoicheka hila hiyo. Mimi siicheki. Nimefanya kazi serikalini miaka karibu ishirini, nami nimeona watu wengi waliokutana na jambo gumu wakaamua kutofanya lolote, kwa kuwa kutofanya lolote hakumletei mtu lawama. Huyu imamu wa kijijini alikuwa na sababu zote za kusema hapana, na hakuna ambaye angemlaumu.

KWA MIGUU, KWA PUNDA, KWA GARI MOSHI

Miaka iliyofuata ilikuwa ya safari. Baba, kaka, binamu mmoja na mtoto huyu walizunguka vijiji vya Delta. Mwanzoni walikwenda kwa miguu, mara nyingi usiku, na kurudi alfajiri. Mapato yalipoongezeka, wenye shughuli waliwaletea punda. Baadaye wakaweza kununua tikiti za gari moshi, daraja la tatu. Umm Kulthum mwenyewe alipokuwa mtu mzima alikuwa akisema kwamba aliitembea Delta nzima kabla hajatia mguu mjini Cairo.

Sitaki tuifanye safari hiyo kuwa hadithi tamu. Mtoto alikosa usingizi, na nyumba nzima ilikula kwa koo lake. Si kila hadhira ilikuwa ya watu wenye adabu. Lakini yako mambo mawili yaliyomtofautisha baba huyu na wazazi wanaowatumia watoto kama ng'ombe wa maziwa. Kwanza, alikwenda naye kila mahali, hakumkabidhi kwa wakala wala kwa mwenye ukumbi. Pili, hakuacha kumfundisha. Kila kaswida aliyoiimba alikuwa ameisoma kwanza.

Faida nyingine ya safari zile ilikuja kuonekana baadaye. Maelfu ya wakulima walikuwa wameisikia sauti yake kwa masikio yao, bila kipaza sauti, katika viwanja vya vijiji vyao. Santuri zake zilipoanza kutoka, wenye kampuni walistaajabu kuona zinanunuliwa mno. Wanunuzi wengi walikuwa wakimnunua mtoto waliyemjua.

MWALIMU WA KITUO CHA GARI MOSHI

Nyumbani kwa mkuu wa kijiji kulikuwa na gramafoni, na huko binti alisikia santuri za Sheikh Abu al-Ila Muhammad, mwimbaji hodari wa mashairi ya Kiarabu fasaha. Alizipenda kuliko zote. Ikatokea siku moja familia ikakutana na sheikh huyo katika kituo cha gari moshi cha al-Sinbillawayn. Binti hakukubali aondoke hivi hivi. Alishikilia mpaka mgeni akafika kwao, akamsikia akiimba.

Kuanzia hapo Abu al-Ila alikuwa mwalimu wake. Somo lake kubwa lilikuwa moja: usiimbe neno usilolijua maana. Mtoto aliyezoea kukariri alifundishwa sasa kufahamu shairi, kujua huzuni yake iko mstari gani na furaha yake iko wapi, kisha ndipo atoe sauti. Sheikh huyo, pamoja na mtunzi Zakariyya Ahmad aliyemsikia pia katika miaka hiyo, walimshauri baba ahamie Cairo. Baba alisita kwa muda mrefu. Kuhama kulikuwa ni kuacha msikiti, kijiji na watu wanaomjua, na kwenda kwenye mji ambao kuimba kulifanyika kwenye kumbi zenye pombe na kila aina ya watu.

CAIRO

Walihamia Cairo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Misri ilikuwa imetoka katika machafuko ya mwaka 1919 dhidi ya utawala wa Waingereza, na uhuru wa jina ulitangazwa mwaka 1922. Mji ulikuwa umejaa magazeti, tamthilia na waimbaji. Malkia wa jukwaa alikuwa Munira al-Mahdiyya, na mwingine aliyependwa alikuwa Fathiyya Ahmad. Mbele yao alisimama msichana mwenye koti la kiume, akisindikizwa na ndugu zake wanaoitikia kaswida bila chombo hata kimoja. Wajuzi walikiri kuwa sauti ni kubwa na nzuri. Walisema pia kwamba mwenyewe ni mshamba na kwamba muziki haujui.

Mwenye kiburi angekasirika. Yeye alirudi shule. Muhammad al-Qasabji, fundi wa udi, alimfundisha muziki. Mshairi Ahmad Rami, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Paris mwaka 1924, alimsomesha mashairi na kumtungia. Kwa maisha yake yote alimwandikia nyimbo zaidi ya 100. Katika nyumba za watu wakubwa alizoalikwa kuimba, aliwatazama mabibi wa mjini jinsi wanavyovaa, wanavyokaa na wanavyozungumza, akajifunza bila kumwambia mtu kwamba anajifunza.

Mwaka 1926 mambo mawili yalitokea. La kwanza ni kwamba aliwapumzisha kaka na binamu yake katika kuitikia, akaweka kikundi cha mafundi hasa: al-Qasabji kwenye udi, Sami al-Shawwa kwenye fidla, na Muhammad al-Aqqad kwenye ganuni. Koti la kiume nalo likawekwa sandukuni, akavaa nguo za kike za heshima kama mabibi wa Cairo. Si jambo dogo kwa kijana kumwambia kaka yake kwamba kazi imewazidi uwezo. Lakini bila hilo asingeendelea.

La pili nusura limalize habari yote. Gazeti moja la michezo ya jukwaani lilichapisha uvumi wa kumvunjia heshima. Sheikh Ibrahim alipoupata alifanya kile alichokuwa akikihofia tangu siku ya faluda: aliamua kufunga mizigo na kuirudisha familia kijijini. Marafiki waliokuwa wakimheshimu walikuja nyumbani wakamsihi, wakamweleza kuwa kuondoka kutakuwa kama kuukubali uongo. Baba alisikiliza, akabaki. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Sauti ambayo baadaye ilisikilizwa kutoka Morocco hadi Iraki ilitegemea usiku ule mmoja, na maneno ya watu wachache waliochukua taabu ya kwenda kumtuliza mzee aliyeumizwa.

Miaka miwili baadaye, 1928, wimbo wake ulioitwa In Kunt Asamih, uliotungwa na Rami na kutiwa muziki na al-Qasabji, uliuzwa kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka huo huo, kwa bahati, Siti binti Saad wetu wa Unguja, naye mtoto wa kijijini, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri zake za Kiswahili. Siti hakuwa mwimbaji wa utotoni kama huyu. Alianza akiwa mtu mzima. Lakini wote wawili walitoka katika nyumba za udongo, na wote wawili walifundishwa na watu ambao hawakuwa na lazima ya kuwafundisha.

SAUTI YA NCHI

Habari zilizobaki nitazipitia upesi, kwani zinajulikana. Redio ya Serikali ya Misri ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 1934, Umm Kulthum alikuwa miongoni mwa walioimba siku hiyo. Kwa miaka zaidi ya thelathini, katika msimu wa tamasha, aliimba Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na redio ikamrusha. Barabara za Cairo zilikuwa nyeupe saa hizo. Wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima na zaidi, kwa kuwa wasikilizaji walimtaka arudie mstari, naye aliurudia kila mara kwa namna nyingine. Alicheza filamu sita, ya kwanza ikiwa Widad ya mwaka 1936. Aliongoza chama cha wanamuziki. Baada ya vita vya Juni 1967 alizunguka nchi mbalimbali akiimba, Paris ikiwa mojawapo, na mapato akaipa Serikali ya nchi yake. Al-Qasabji, mwalimu wake, aliendelea kupiga udi nyuma yake mpaka alipofariki mwaka 1966.

Huku kwetu vyama vya taarab vya Unguja na Mombasa vilizisikiliza santuri na filamu za Misri, vikapanga fidla, udi na ganuni kwa mfano wake. Kwa hiyo babu yangu, aliyekuwa barazani na kanda zake Tanga, hakuwa mtu wa peke yake.

Umm Kulthum alifariki Cairo tarehe 3 Februari 1975. Watu waliojaa barabarani siku ya mazishi walikuwa wengi mno, wakalichukua jeneza mabegani wao wenyewe, likapita kwa mikono ya watu.

SABABU YANGU

Sasa nieleze sababu niliyoiahidi. Wenzangu wa kidato chetu watamkumbuka kijana mmoja ambaye sitamtaja jina. Alitoka kijiji cha mbali. Alikuwa na sauti ambayo mgeni wa heshima aliyekuja siku ya wazazi aliomba airudie. Mabweni yote yalikuwa yakinyamaza akiimba usiku baada ya taa kuzimwa, na hata mwalimu wa zamu alichelewa makusudi kutukemea. Kidato cha pili alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, hakurudi tena. Sisi tulisikitika juma moja. Hatukuchanga hata senti. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwa mwalimu yeyote kumwombea. Alama zake za hisabati zilikuwa mbaya, kwa hiyo tuliona jambo limejimaliza lenyewe.

Miaka michache iliyopita, nikiwa safarini kikazi, niliteremka katika kituo cha mabasi nikasikia mpiga debe akiita abiria. Niligeuka kabla sijamwona. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza, akaniita kwa jina langu la bwenini, akanibebea begi mpaka kwenye basi na kukataa malipo. Tulicheka, tukaulizana habari za watoto. Nilipokaa kwenye kiti sikuwa na raha, na mpaka leo nikilikumbuka begi lile sina raha.

Sidai kwamba angekuwa Umm Kulthum. Hilo hakuna ajuaye. Ninachojua ni kwamba kipaji cha binti wa Tammay al-Zahayra hakikujipandisha chenyewe. Kilibebwa na baba aliyekubali kusemwa, na mwalimu aliyeteremka kituoni, na fundi wa udi, na mshairi, na marafiki waliokwenda nyumbani kumsihi mzee asirudi kijijini. Wangekosekana wawili tu kati ya hao, Misri ingekuwa na mke mwingine wa mkulima mwenye sauti nzuri kisimani.

Mfuko wetu wa wanafunzi wa zamani huwalipia ada vijana wenye alama za juu, na ni jambo jema ambalo mimi mwenyewe nimelipigia kura. Katika mkutano wa mwaka huu nitaomba nafasi moja, moja tu, iwekwe kwa mtoto ambaye walimu watatuambia ana kipaji kisichoonekana katika karatasi ya mtihani: kuimba, kuchora, kukimbia, au ufundi wa mikono. Nimekwisha kumwandikia katibu. Mchango wangu wa kwanza wa nafasi hiyo nimeuambatisha, na yule bwana wa kituo cha mabasi, nilipomweleza kwa simu, ameniletea wa kwake.